Hofu ya ghafla na tiba ya vikao vitano: deni ambalo wanasihi wa Eldoret wanaweza kulilipa

Miongoni mwa wagonjwa wanaokimbizwa katika idara za dharura za hospitali za Eldoret wapo wanaofika wakiwa wameshika kifua, wakihema na kulowa jasho, wakiamini kwamba wamebakiza dakika chache za kuishi, ambao baada ya kupimwa moyo, shinikizo la damu na sukari huambiwa kwamba hawana ugonjwa na kurudishwa nyumbani. Jibu hilo ni la kweli kwa kadiri ya vipimo, lakini halitoshi, kwa sababu mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anakata roho hawezi kutulizwa na karatasi inayomweleza kisichomsumbua bila kumweleza kinachomsumbua. Wengi wa wagonjwa hao wamepatwa na hofu ya ghafla, hali ambayo ina jina, ina maelezo na ina tiba, na tiba yenyewe ni fupi kiasi kwamba mnasihi aliyefunzwa vizuri anaweza kuikamilisha kwa vikao vitano hivi.

Hofu ya ghafla ni woga mkali unaompanda mtu na kufikia kilele chake katika muda wa dakika chache, ukiandamana na dalili ambazo mwongozo wa uainishaji wa magonjwa ya akili unaotumiwa nchini Marekani umezihesabu kuwa 13: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kupungukiwa na pumzi, kukabwa koo, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, baridi au joto la ghafla, ganzi ya vidole au midomo, kuhisi kana kwamba mazingira au nafsi si halisi, hofu ya kurukwa na akili, na hofu ya kufa. Dalili nne au zaidi zikijitokeza kwa pamoja, hali hiyo huhesabiwa kuwa hofu ya ghafla kamili. Kupatwa nayo mara moja au mbili si ugonjwa. Ugonjwa husemwa kuwapo pale inapojirudia bila sababu inayoonekana, na mtu akaishi kwa mwezi mmoja au zaidi akiogopa itakayofuata, au akaanza kuubadilisha mwenendo wa maisha yake ili kuikwepa. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya taarifa kutoka nchi 25, zikiwamo Nigeria na Afrika Kusini, ulikadiria kwamba asilimia 13.2 ya watu hupatwa na hofu ya ghafla angalau mara moja maishani, ilhali wanaofikia kiwango cha ugonjwa ni asilimia 1.7 pekee. Pengo kati ya takwimu hizo mbili lina uzito mkubwa, kwa maana linaonyesha kwamba kinachomgeuza mtu kuwa mgonjwa si lile tukio la kwanza, bali ni namna anavyolielewa na anavyoishi baada yake.

Katika mazungumzo ya kila siku ya Wakenya, hali hii mara nyingi hufunikwa na neno presha. Mtu husema kwamba presha imempanda, jamaa zake humpepea, humpa maji, humketisha mlangoni apate hewa, na kuanzia siku hiyo humhesabu kuwa mwenye moyo dhaifu ambaye hafai kutumwa mbali wala kupewa habari mbaya. Wengine huona katika tukio hilo mkono wa adui au wa pepo, na humpeleka kuombewa. Huruma iliyomo katika yote hayo ni ya kweli na haifai kubezwa, ila kwa bahati mbaya kila tendo la namna hiyo humthibitishia mgonjwa jambo lilelile analoliogopa, yaani kwamba ndani ya mwili wake limejificha jambo la hatari ambalo siku moja litamwangusha.

Ili tiba ieleweke, sharti kwanza ieleweke kazi ya woga mwilini. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mnyama anapokabiliwa na hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, na mwili mzima hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo huongeza kasi ili kuipeleka damu kwenye misuli, pumzi huongezeka ili kuleta oksijeni, jasho hutoka ili kuupoza mwili. Mfumo huu ndio uliomwezesha binadamu kuendelea kuwapo, na haujawahi kukusudiwa kumdhuru. Tatizo hutokea pale unapoamka bila adui wa kupigana naye wala umbali wa kukimbia. Anayehema kwa haraka akiwa ameketi hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili wake unavyoizalisha, kiwango cha gesi hiyo katika damu hushuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kwa muda, na kutokana na hayo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na ile hisia ya ajabu ya kutoamini kwamba mambo ni halisi. Mgonjwa huhisi kwamba amekosa hewa ilhali amepumua kupita kiasi, na kadiri anavyojitahidi kuvuta nyingine ndivyo dalili zinavyozidi.

Maelezo ya fiziolojia, hata hivyo, hayajibu swali la kwa nini mtu mmoja hupatwa na dalili hizi na kuzisahau huku mwingine zikimfunga maisha. Jibu lililokuja kuathiri tiba kuliko mengine lilitolewa mwaka 1986 na mwanasaikolojia wa Uingereza David M. Clark, aliyekuwa akifanya kazi Oxford, na ambaye alijenga juu ya misingi iliyowekwa na Aaron Beck huko Philadelphia. Kwa mujibu wa Clark, hofu ya ghafla huzaliwa na tafsiri ya balaa, yaani kuielewa hisia ya kawaida ya mwili kuwa ishara ya maangamizi yaliyo karibu: moyo uliodunda kwa uchovu hutafsiriwa kuwa moyo unaosimama, kizunguzungu cha njaa huwa kiharusi, na kukosa utulivu huwa mwanzo wa wazimu. Tafsiri hiyo huleta woga, woga huongeza adrenalini, adrenalini huongeza mdundo wa moyo, na mdundo ulioongezeka huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba tafsiri ilikuwa sahihi. Huo ndio mduara ambao tiba inakusudia kuukata.

Hakuna mahali panapofaa kulieleza jambo hili kuliko Eldoret. Jiji hili liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Iten, mji wa wanariadha ulio mwendo usiofika saa moja kwa gari, uko juu zaidi, kwenye mita 2,400 hivi. Kila alfajiri barabara za vumbi za maeneo haya hujaa vijana wanaokimbia hadi mioyo yao ikapiga zaidi ya mara 150 kwa dakika, vifua vikiwabana, koo zikikauka na miguu ikitetemeka, na hakuna hata mmoja wao anayeomba kupelekwa hospitalini, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba hiyo ndiyo kazi ya moyo. Karani aliyeketi katika foleni ya benki kwenye Uganda Road anaweza kuhisi nusu tu ya mambo hayo na kuamini kwamba anakufa. Miili yao inafanya kazi ileile. Kilichotofautiana ni maana ambayo kila mmoja ameipa. Mnasihi wa Eldoret hana haja ya kuazima mifano ya mbali, kwa kuwa mteja wake amekulia miongoni mwa watu ambao moyo kwenda mbio ni riziki yao.

Tiba iliyotokana na nadharia hii huitwa tiba ya fikra na mienendo, kwa kuwa hushughulikia kwa pamoja kile ambacho mtu anakifikiri na kile anachokitenda, na hapo awali ilihitaji vikao vipatavyo 12 vya saa moja. Clark na wenzake, wakitambua kwamba wagonjwa ni wengi kuliko wataalamu, walijiuliza kama inaweza kufupishwa, na mwaka 1999 walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 43 ambamo kundi moja lilipata tiba kamili, kundi la pili lilipata vikao vitano pamoja na vijitabu vya kusoma na kufanyia mazoezi nyumbani kati ya kikao na kikao, na kundi la tatu lilisubiri. Makundi yote mawili yaliyotibiwa yalipata nafuu kubwa kuliko lililosubiri, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliopata tiba ndefu na waliopata fupi. Jaribio lilikuwa dogo na lilifanywa na mabingwa wa fani, jambo ambalo msomaji makini hana budi kulizingatia. Hata hivyo funzo lake kwa nchi yenye wataalamu wachache ni zito, kwani linaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa na mgonjwa mwenyewe nyumbani, mradi aongozwe vizuri.

Kikao cha kwanza hutumika kuipitia hofu ya karibuni zaidi hatua kwa hatua. Mnasihi haulizi tu mteja alihisi nini, bali anauliza kilichotangulia ni kipi, wazo gani lilipita kichwani wakati moyo ulipoanza kudunda, na ni jambo gani baya kuliko yote aliloamini kwamba lingetokea. Majibu huandikwa kwenye karatasi kwa umbo la mduara, hisia ikiongoza kwenye wazo, wazo kwenye woga, woga kwenye hisia kali zaidi, na mara nyingi mteja anayeuona mduara wake mwenyewe ukiwa umechorwa hupata nafuu ya kwanza pale pale. Hurudi nyumbani na daftari la kuandika kila hofu inayomjia: saa, mahali, hisia, wazo, na kilichotokea mwishowe. Baada ya majuma mawili daftari hilo huwa na ushahidi ambao hoja za mnasihi haziwezi kuufikia, kwa kuwa mteja husoma kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba alitabiri kifo mara kadhaa na hakufa hata mara moja.

Kikao cha pili na cha tatu ndicho kiini cha tiba, na ndipo wanasihi wengi wapole hupungukiwa na ujasiri, kwa sababu wanatakiwa kuziamsha kwa makusudi dalili zilezile ambazo mteja amekuja kuzikimbia. Mteja huombwa apumue kwa haraka na kwa nguvu kwa muda wa dakika moja au mbili, au akimbie papo hapo, au azunguke akiwa amesimama hadi apate kizunguzungu, kisha aeleze anachohisi na akilinganishe na hofu yake. Katika njia nyingine iliyotokana na kazi ya Clark, mteja husomeshwa kwa sauti jozi za maneno kama vile moyo na kifo, pumzi na kukabwa, na wagonjwa wengi huanza kuhisi dalili kwa kusoma tu, jambo linalowadhihirishia kwamba fikra peke yake inatosha kuutikisa mwili. Mazoezi haya si mateso wala majaribio ya ushupavu. Ni hoja inayotolewa kwa mwili, kwani mtu aliyezizalisha dalili kwa pumzi zake na kuziona zikitulia bila dawa amejifunza kwamba dalili hizo haziui. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali au kifafa, pamoja na mjamzito, hafanyishwi zoezi la kupumua kwa haraka, na mnasihi anapaswa kuuliza juu ya hayo kabla ya kuanza.

Sambamba na mazoezi hayo huchunguzwa tabia za kujihami, yaani hila ndogondogo ambazo mgonjwa huamini kwamba ndizo zinazomwokoa. Paul Salkovskis, mwenzake Clark, alitoa hoja mwaka 1991 kwamba tabia hizi ndizo zinazouhifadhi ugonjwa, kwa kuwa aliyeketi alipohisi kizunguzungu huamini kwamba asingeketi angeanguka, na hivyo hofu yake haipati nafasi ya kukanushwa na mambo yenyewe. Katika Eldoret tabia hizo huonekana katika mambo ya kila siku: kuketi kanisani kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kukataa kiti cha nyuma cha matatu, kutembea na chupa ya maji na tembe ambazo hazimezwi, kushika mshipa wa mkono kila baada ya muda kuhesabu mapigo, au kutotoka bila kuandamana na mtoto. Mteja na mnasihi huzipanga kutoka iliyo rahisi kuacha hadi iliyo ngumu, kisha mteja huanza kuziacha moja baada ya nyingine katika mazingira halisi, kwa mfano kwa kupanda matatu kutoka Langas hadi katikati ya jiji akiwa ameketi nyuma, bila maji, huku akiiacha hofu ipande na ishuke yenyewe. Vikao viwili vya mwisho hutumika kuongeza ugumu wa mazoezi hayo na kuandaa mpango wa kuandikwa juu ya kitakachofanywa hofu ikirudi, kwa maana inaweza kurudi, na kurudi kwake hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa.

Yafaa hapa kusema neno juu ya mbinu ya kupumua polepole, ambayo ndiyo inayofundishwa zaidi katika semina na kwenye mitandao ya kijamii. Kutoa pumzi taratibu kwa tumbo hurudisha kiwango cha kabonidayoksaidi na huutuliza mwili, na kwa mtu aliyepatwa na hofu kwa mara ya kwanza ni msaada wa haraka na wa heshima. Lakini mbinu hiyo ikitolewa peke yake, bila mgonjwa kuelewa kwamba dalili zenyewe hazina madhara, hugeuka kuwa tabia nyingine ya kujihami, na mgonjwa huishi akiamini kwamba pumzi zake ndizo zilizomwokoa na kifo na kwamba siku atakaposahau kuzihesabu atakufa. Mafunzo ya kupumua yanapaswa kuwa mlango wa tiba, na mnasihi anayeishia hapo amemtendea mteja wake nusu ya haki. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, kulikopendekezwa zamani, hakushauriwi tena, kwani aliye na tatizo la kweli la moyo au mapafu anaweza kudhurika.

Hakuna kati ya haya kinachoondoa wajibu wa daktari. Anayepata maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza lazima apimwe, na tezi ya koo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari iliyoshuka na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio vyote vinaweza kuiga hofu ya ghafla. Miraa huongeza kasi ya moyo, kahawa nyingi vilevile, na mnywaji wa muda mrefu anayeacha pombe kwa ghafla anaweza kutetemeka na kuingiwa na woga ambao unahitaji hospitali kabla ya unasihi. Dawa za kutibu sonona na wasiwasi, kama fluoksetini, husaidia wagonjwa wengi na zinaweza kwenda pamoja na tiba ya mazungumzo, ilhali diazepamu, inayopendwa kwa kuwa hutuliza upesi, huleta mazoea na humfundisha mgonjwa kutegemea tembe.

Kuna pia kumbukumbu ambazo eneo hili linazibeba. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliacha majeraha mazito katika Uasin Gishu, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Mtu ambaye moyo wake huanza kudunda anaponusa moshi au kusikia umati ukipiga kelele huenda asiwe na ugonjwa wa hofu ya ghafla, bali mfadhaiko unaotokana na janga, ambao una ndoto za kutisha na kumbukumbu zinazojilazimisha, na ambao unahitaji tiba nyingine iliyo ndefu zaidi. Kumfanyisha mtu kama huyo mazoezi ya vikao vitano bila kumuuliza aliyoyapitia ni kosa la kitaaluma.

Swali linalobaki ni nani atakayeitoa tiba hii. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ni ya pili kwa ukubwa kati ya hospitali za rufaa za kitaifa, ina idara ya afya ya akili na inashirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, na kwa njia ya AMPATH, ushirikiano ulioanza mwaka 2001 pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana na vingine vya Amerika Kaskazini, eneo la magharibi mwa Kenya limejifunza jinsi huduma nzito kama ya virusi vya ukimwi inavyoweza kufikishwa hadi kwenye zahanati za vijijini. Ushahidi kwamba tiba za mazungumzo nazo zinaweza kufuata njia hiyo upo hapa hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 wa Nairobi waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia, ambao nusu yao walipewa na wahudumu wa afya ya jamii vikao vitano vya mpango ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, na dhiki yao ya nafsi ikapungua zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti mwingine uliowahusu watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika Bungoma na katika Moshi nchini Tanzania, ambamo watu wasio wataalamu wa saikolojia walifunzwa kutoa tiba ya fikra na mienendo, na watoto wa Bungoma, wa mjini na wa vijijini, walinufaika. Tafiti hizo hazikuhusu hofu ya ghafla moja kwa moja, na haifai kuzilazimisha ziseme zaidi ya zilivyosema, lakini zinavunja dai kwamba Mkenya wa kawaida hawezi kuelewa tiba ya aina hii au kwamba ni daktari bingwa pekee anayeweza kuitoa.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka msingi wa kuwasajili wenye taaluma hiyo, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili. Kinachokosekana ni uzi unaoiunganisha idara ya dharura na chumba cha unasihi. Mgonjwa anayeambiwa saa nane za usiku kwamba moyo wake ni mzima anapaswa kuondoka na karatasi ya kurasa mbili kwa Kiswahili inayoueleza mduara wa hofu, pamoja na tarehe ya kikao cha kwanza katika kituo kilicho karibu na kwake, iwe Huruma, Kapsoya au Turbo. Gharama ya jambo hilo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya vipimo vya moyo ambavyo mgonjwa huyo huyo atarudia kuvilipia mwaka mzima. Wachungaji na maimamu pia wana nafasi yao, kwa kuwa wao ndio wanaofikiwa mwanzo, na mchungaji anayemwombea muumini wake kisha akamwelekeza kwa mnasihi amemtumikia kwa mikono yote miwili.

Msomaji ambaye amepimwa na kuambiwa kwamba hana ugonjwa wa moyo, na hofu bado inamrudia, asikubali kurejeshwa nyumbani kwa maneno hayo peke yake. Na amuulize daktari wake waziwazi kama hali hiyo inaweza kuwa hofu ya ghafla, amtafute mnasihi au mwanasaikolojia aliyesajiliwa, na kabla ya kuanza amuulize kama amefunzwa tiba ya fikra na mienendo na kama mazoezi ya kuziamsha dalili ni sehemu ya tiba yake.